Baba Akiingia Jikoni

Katika ukurasa huu tumezoea kusoma habari za kuku, mboji, vitabu vya hesabu na mikopo ya kuzungushana. Somo la leo wengine watasema si la maendeleo. Tunaingia jikoni. Hatuendi kumfundisha mama kupika, maana huyo alifundishwa na mama yake, na mama mkwe akaongezea. Tunaingia na baba.

Sababu ni hii. Katika vikundi ninavyotembelea, mkutano wa kinamama ukianza saa nane, ikifika saa kumi na nusu shingo zinaanza kugeuka kuangalia jua. Mmoja anajifunga leso vizuri, mwingine anaaga. Saa kumi na moja, wakati wa kugawa mikopo na kupitisha maamuzi, wamebaki wachache, na wengi wao ni wale walio na mabinti wakubwa nyumbani. Walioondoka wameenda kuwasha moto. Kwa hiyo swali la nani anawasha moto ni swali pia la nani anapata mkopo.

Siku hizi wako waume wanaotaka kusaidia. Tuwasifu, maana zamani hata kuulizana habari hii ilikuwa aibu. Lakini nia njema ni kitu kimoja na msaada ni kitu kingine, na leo tutaangalia hapo katikati.

Kisa cha kusoma kwa sauti

Katibu asome polepole, wengine wasikilize. Kisa hiki ni cha kutunga. Ukiona kinafanana na jirani yako usimtazame.

Tuwaite Baba Musa na Mama Musa. Mama Musa ni mweka hazina wa kikundi. Alhamisi moja, wiki chache kabla ya mvua, kikundi kilikuwa na mkutano wa kugawa mikopo ya mbolea, na yeye mwenyewe alikuwa ameomba. Baba Musa alikuwa amesikia kwenye semina kwamba mume anafaa kumsaidia mkewe kazi za nyumbani, na maneno hayo yalimwingia.

"Mama Musa, leo nenda ukakae mpaka mwisho," akasema. "Chakula niachie mimi."

"Utaweza kweli, Baba Musa?"

"Kwani githeri ni hesabu?"

Mama Musa akaenda, roho nusu. Saa tisa mtoto akafika mkutanoni anahema: "Mama, baba anauliza kibiriti kiko wapi." Akamwambia. Baada ya nusu saa mtoto akarudi na mikebe miwili mkononi: "Baba anauliza chumvi ni gani, hii ama hii?" Kinamama wakacheka, maana mmoja ulikuwa na magadi ya kupikia mrenda. Mama Musa akaonyesha kwa kidole, akaendelea kuhesabu pesa. Akapoteza hesabu, akaanza upya.

Ilipofika saa kumi na robo mtoto akaja mara ya tatu, sasa akitembea tu, amechoka: "Baba anasema maharagwe ameyapata, na yale mahindi mekundu ameshayaweka kwenye sufuria. Anauliza yanachukua muda gani kuiva, maana maji yamekuwa rangi ya waridi."

Mama Musa aliacha kitabu wazi juu ya meza akakimbia. Mahindi mekundu ilikuwa ile pakiti ya mbegu ya kilo mbili, imetiwa dawa, aliyoihamishia kwenye mkebe wa kimbo ili panya wasiifikie. Jioni ile walikunywa uji. Kule mkutanoni jina lake lilipoitwa wakasema, "Ameenda, tumweke mwezi ujao." Mwezi ujao mahindi ya wengine yalikuwa yameshaota.

Baada ya kusoma

Simameni hapa kwanza. Ulizeni: nani alikosea? Waacheni wabishane, msikimbilie jibu. Kwa kawaida wanaume watasema mama angeandika jina kwenye mkebe. Kinamama watasema mtu mzima atawezaje kupika mahindi yenye rangi ya waridi. Wote wana kitu. Lakini mkiishia kumlaumu mmoja, somo limepotea.

Angalieni vizuri. Baba Musa hakuwa mvivu. Hakwenda kunywa. Alikoka moto, alichota maji, alichambua maharagwe. Mikono yake ilifanya kazi. Lakini kazi ya jikoni ni mbili, iko ya mikono na iko ya kichwa, na ile ya kichwa aliiacha kwa mama, akawa anaituma ichukuliwe mkutanoni kwa miguu ya mtoto.

Kazi ya kichwa ni ipi? Ni kujua kwamba unga utaisha Jumamosi na poshomili haisagi Jumapili. Ni kujua kwamba maji ya kunywa ni yale ya mtungi wenye kifuniko na yale ya ndoo ni ya kuoshea. Kwamba mtoto wa mwisho akila maharagwe usiku hatalala. Kwamba kuni za leo zilianikwa tangu juzi, na za kesho lazima ziingizwe ndani kabla mvua haijanyesha. Kwamba mama mkwe hana meno, basi mahindi yake yachemshwe zaidi. Hakuna mahali mambo hayo yameandikwa. Mama anatembea nayo kichwani akienda mtoni, akienda shambani, akienda kanisani, na hata akiwa mkutanoni amekaa kitako, kichwa chake kinapika.

Mtu akisema "niambie tu la kufanya, nitafanya", amebeba nusu nyepesi.

Wasaidizi tunaowajua

Mkiulizana kikundini mtapata aina nyingi za wasaidizi. Mimi nitataja wachache niliowasikia mara nyingi.

Kuna msaidizi wa sikukuu. Huyu anapika mara moja kwa mwaka, tuseme Krismasi, na boma lote lazima lijue. Anatumia mafuta ya wiki mbili, anachafua kila sufuria, na akimaliza anakaa chini ya mti kupokea sifa. Nani anaosha? Sote tunajua.

Kuna msaidizi mkaguzi. Anaingia kusaidia, lakini macho yake yako kwenye mkebe wa sukari. "Mbona mafuta yameisha haraka hivi? Ile mia mbili ya juzi ilienda wapi?" Huyu tutamrudia, maana ana uzito wake.

Na kuna msaidizi fundi. Anaona bibi anakohoa moshi, anamhurumia, anaamua kumjengea jiko. Jambo zuri kabisa. Anakoroga udongo, anajenga siku mbili, jasho linamtoka. Jiko likikauka, mdomo wake ni mpana kuliko sufuria anayotumia kila siku, nalo limeinuliwa kwa urefu wa baba, si wa mama. Mama anasema asante. Baada ya wiki utakuta kuku anatagia ndani ya jiko jipya, na mafiga matatu yamerudi pembeni.

Hapo ndugu zangu, si mnamkumbuka mtu fulani? Ni yule mfadhili aliyekuja na gari, akatazama kijiji kwa dakika ishirini, akasema tatizo lenu ni hili. Akaleta pampu ambayo vipuri vyake havipatikani hata mjini. Tulipiga makofi, tukapiga picha, na baada ya mwaka tukarudi mtoni na ndoo zetu. Vikundi vyetu vinajua sana kumlalamikia mfadhili wa namna hiyo: hakutuuliza, hakutufundisha, na alipoondoka aliondoka na spana. Basi baba naye anaweza kuwa mfadhili nyumbani mwake.

Lakini kuna upande wa pili. Huko Kwale, katika miaka ya 1980, kulikuwa na kazi ya visima na pampu za mkono, na ndiko pampu aina ya Afridev ilikojaribiwa, iliyotengenezwa ili wanakijiji wenyewe waweze kuitengeneza. Wanawake walifundishwa kuifungua, kubadilisha kilichoisha na kuifunga tena. Bila shaka wako waliosema spana si ya mwanamke. Lakini hakuna mwanaume aliyezaliwa na spana mkononi, na hakuna mwanamke aliyezaliwa na mwiko. Hawa walishikishwa chombo, wakaonyeshwa, wakaachwa wajaribu wenyewe, wakakosea bolti moja mbili, wakajua. Kama mama anaweza kujifunza pampu, baba ataweza githeri.

Tena tusidanganyane kwamba wanaume hawajui kupika. Nendeni pwani kwenye harusi mtazame nani amesimama juu ya sufuria kubwa la pilau. Nendeni shule za bweni, nendeni mahoteli ya mjini, nendeni kwenye nyama choma. Kijana akienda Nairobi kutafuta kazi anakaa kwenye chumba kimoja, anajipikia ugali na sukuma wiki miaka kumi, na hafi. Siku anashuka basi nyumbani kwao, mkono unaganda. Akilipwa anapika, akiwa peke yake anapika, lakini bibi akiwepo hajui hata chumvi ilipo. Hilo si suala la kujua.

Zoezi la mbegu 24

Hili lifanywe kikundini, na linahitaji wanaume wawepo. Msilifanye kinamama peke yenu, litakuwa la kulia tu.

Gawanyeni watu makundi mawili, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Kila kundi lipewe mbegu 24 za maharagwe, kila mbegu ni saa moja ya siku. Wachore mchangani duara za kazi: kulala, shamba la nyumbani, kibarua au biashara, kuteka maji na kuni, kupika na kuosha, watoto na wagonjwa, mikutano, kupumzika. Halafu waweke mbegu zao walivyotumia jana. Isiwe siku ya kawaida wala siku ya kuwazia, iwe jana hasa. Kazi mbili zikifanywa pamoja, kama kubeba mtoto huku unapika, mbegu ikatwe vipande viwili.

Wakimaliza, makundi yatembeleane na kutazama bila kusema neno. Nimeona wazee wakisimama pale kwenye duara la kupika la wanawake, wanahesabu, wanahesabu tena.

Mtakachoona mchangani hakitakuwa mbali na kile ambacho serikali yenyewe iliona. Mwaka 2021 Shirika la Taifa la Takwimu lilifanya utafiti wa matumizi ya muda, likakuta kwamba katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, wanawake wa Kenya wanatumia karibu mara tano ya muda wanaotumia wanaume. Sheria nayo inaitambua kazi hii. Katiba ya 2010, Kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, katika ndoa, na ndoa ikivunjika. Na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inapotaja mchango wa mtu katika mali, inahesabu pia kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba. Kwa hiyo yule anayesema "mke wangu hafanyi kazi, yuko tu nyumbani", ameachwa nyuma hata na Bunge.

Upande wa kinamama

Sasa kinamama, msifikiri nimewasahau.

Kicheko kimoja kinaweza kumfukuza mwanaume jikoni miaka kumi. Amekata sukuma wiki vipande kama vya kulisha ng'ombe, sawa. Lakini ukiwaita majirani waje waone, umempa ruhusa ya kutorudi. Vilevile akiosha vyombo nawe unarudi nyuma yake kuviosha tena huku unaguna, amesikia. Mwingine hafanyi kwa kicheko, anafanya kwa huruma: "Wacha tu, Baba, umechoka, leta nitamalizia." Anamnyang'anya mwiko. Kesho anakuja mkutanoni kulalamika kwamba hasaidiwi.

Lakini tuseme pia kwa nini mama anafanya hivyo, maana si ujinga. Katika nyumba nyingi jikoni ndipo mahali pekee anapoamua. Shamba lina jina la baba au la babu, ng'ombe ni wa baba, mahindi yakiuzwa bei ni ya baba. Jikoni mama anajua gorogoro ngapi zimebaki, anajua kuficha unga wa siku ya njaa, anajua kuweka kando shilingi hamsini ya mchango wa kikundi kutoka kwenye pesa ya mboga. Mwanaume akiingia na macho ya mkaguzi, kile kipembe kidogo cha uhuru kinafunuliwa. Ndiyo maana nilisema yule mkaguzi ana uzito. Mama hakatai msaada wake, anakataa kuhesabiwa.

Nimeketi na kinamama wengi juu ya jambo hili, na sioni kama litakwisha kwa baba kujifunza kupika. Mume na mke wakae chini waseme: pesa ya jikoni ni kiasi hiki, na anayeishika haulizwi kila shilingi, na mchango wa kikundi uko wazi, haufichwi kwenye unga. Hapo baba akiingia jikoni anaingia kama mwenzake. Kama nyumba haijafika hapo, kwanza msaada wake uwe nje ya mlango: maji, kuni, kupasua magogo, kuogesha watoto. Kazi hizo pia ni jikoni.

Na majirani? Watasema amekaliwa. Watasema amelishwa kitu. Mama yake mzazi anaweza kuwa wa kwanza: "Mwanangu, mimi nilikulea ukachote majivu?" Hatuwezi kumjibu mzee vibaya. Vijana wengine wanaanza kidogo kidogo, mzee anapozoea kuona maji yameletwa, baadaye anaona chai imepikwa, na chai hiyo ni yeye aliyeinywa. Wanaume wa kikundi wakikubaliana kuanza pamoja, wanne au watano, maneno yanapungua, maana hakuna kijiji ambacho wanaume watano wote wamelishwa.

Achukue kitu kizima

Njia ninayoiamini ni moja. Baba asisaidie vipande vipande. Achukue mlo mmoja, tuseme chakula cha jioni cha Alhamisi, siku ya mkutano, na uwe wake kuanzia asubuhi mpaka sufuria ikauke. Yeye ndiye ajue kama unga upo. Yeye ndiye aloweke maharagwe usiku wa Jumatano. Yeye ndiye aoshe vyombo, azoe majivu, afunike maji na kuzima moto. Kupika hakuishi chakula kikiiva, kunaisha jikoni pakiwa tayari kwa asubuhi.

Kabla ya kuachiwa, afundishwe. Wiki mbili mama anapika naye anatazama, wiki mbili yeye anapika na mama ameketi karibu, mikono ameikunja. Ndiyo, ameikunja. Asishike mwiko hata madonge yakitokea. Baada ya hapo mama aende zake mkutanoni.

Aanze na ugali na mboga, yatosha. Maji yatokote kabisa kwanza, yasiwe moto tu. Unga utiwe kidogo kidogo huku anakoroga, na donge likitokea alikandamize kwenye ukingo wa sufuria mpaka lipasuke. Ukishika, apunguze moto, augeuze na kuukanda dakika kama kumi mpaka uachane na sufuria na harufu ya unga mbichi iishe. Sukuma wiki ioshwe kabla ya kukatwa, si baada, maana ukiosha iliyokatwa unamwaga nguvu yake pamoja na maji. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yanaokoa kuni nyingi. Yale maji ya kulowekea yamwagwe, yawekwe mapya, na maharagwe yachemke kwa nguvu dakika kumi za kwanza kabla ya kupunguza moto, maana maharagwe mekundu yasipoiva vizuri yanaumiza tumbo.

Baadaye atafika kwenye omena, na kule ataosha maji ya kwanza na ya pili na ya tatu, na bado ladha ya mchanga itakuwepo. Avumilie.

Mambo ya hatari yasiachwe

Hapa sitafanya mzaha, maana mgeni jikoni ndiye anayeungua.

Mbegu ya kupanda iliyotiwa dawa inapakwa rangi makusudi ili mtu asiile. Kuosha hakuondoi dawa, kuchemsha hakuondoi, na kuku wasipewe. Iliyoharibika izikwe mbali na kisima na mto. Tena mbegu isikae jikoni kabisa, ikae kwenye pakiti yake yenye maandishi, juu, mbali na watoto.

Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Baba asiyejua atayamimina kwenye sufuria, na mtoto atayanywa. Mtoto akiyanywa usimtapishe, maana yakipanda yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali. Na mafuta hayo yasimwagwe kamwe juu ya kuni zinazofuka moshi kwa sababu zimekataa kuwaka. Wanaume wana haraka hapo.

Jiko la makaa lisiingizwe kwenye chumba cha kulala kilichofungwa, hata kukiwa na baridi. Hewa yake mbaya haina harufu, na watu wanalala wasiamke.

Mtu akiungua, mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi dakika 20, pete na bangili zitolewe kabla hajavimba. Msipake dawa ya meno, wala mafuta, wala unga. Akiwa mtoto mdogo, au ikiwa ni uso, mikono, au pakubwa kuliko kiganja chake, apelekwe zahanati baada ya maji hayo, msingoje kesho.

Kila mkebe jikoni uandikwe jina. Asiyejua kuandika achore: hindi, chumvi, alama ya hatari. Kazi hii mume na mke waifanye pamoja jioni moja, kwa taa, mkebe mmoja mmoja. Wengine wameniambia kwamba jioni hiyo waligundua vitu ambavyo hata mama alikuwa amesahau.

Maswali ya kujadiliana

Mama wa boma lako akilazwa hospitali wiki moja kuanzia kesho, nani anajua unga uko wapi, mtoto anakunywa dawa gani na saa ngapi, na deni la duka ni kiasi gani?

Katika kikundi chetu, ni kinamama wangapi wamekosa mkopo au kura kwa sababu waliondoka mapema? Katibu afungue kitabu cha mahudhurio cha miezi mitatu iliyopita, msijibu kwa kukisia. Tena je, mkutano lazima uanze saa nane, au tunaweza kuugeuza?

Kuna jambo gani ambalo baba amejaribu kusaidia nyumbani kwako, likakuongezea kazi? Ulimwambia? Ulimwambiaje?

Wazee, kwa nini tunapika tukiwa Nairobi?

Kazi ya nyumbani

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanaume wa kikundi achukue mlo mmoja mzima kama tulivyosema, na kila mama akunje mikono. Mikebe iandikwe wiki hii hii. Siku ya mkutano kila mmoja aeleze alipika nini na nini kilimshinda, na bibi yake asimsahihishe mpaka amalize kusema. Katibu aandike yote kwenye kitabu, walioweza na waliounguza, na anayeungua sufuria aseme pia ameisugua kwa nini, maana wengi wetu tunatafuta dawa hiyo.